Daladala ya faida au basi la ruzuku: kabla hujachagua angalia nani analipa

Kila mwendokasi, yaani mabasi ya Dar yenye njia yake maalumu, ukisumbua mjadala unarudi palepale. Wengine wanasema wapewe watu binafsi, serikali haijui biashara, wengine wanasema usafiri wa abiria ni huduma kama maji na zahanati, serikali iweke hela nauli ishuke. Nimeona niziweke hizi njia mbili bega kwa bega, na mifano mingi itakuwa ya Dar kwa sababu ndo mji uliojaribu zote mbili na watu wake wamezipanda zote mbili. Upande wangu ninao na nitausema wazi, ila nataka mtu akimaliza kusoma aweze kuchagua hata kama atachagua tofauti na mimi.

Tulikotoka kwanza, maana bila hapo tunabishana hewani. UDA ilianza 1974 kama shirika la umma la mabasi ya Dar, baada ya kampuni ya zamani ya mabasi, DMT, kugawanywa, UDA ikabaki na mji na KAMATA ikachukua safari za mikoani. Nauli ilipangwa na serikali na ilikuwa chini. Mji ukakua, mabasi yakawa yanakufa moja moja, spea zinataka fedha za kigeni na nchi mwanzoni mwa miaka ya 80 haikuwa nazo, watu wakaanza kupanda magari ya watu binafsi kwa kujificha, ndipo 1983 serikali ikaruhusu. Kwahiyo daladala haikuja kwa sababu kuna kikao kiliamua kwamba biashara ni bora, ilikuja kwa sababu mabasi ya umma yaliisha barabarani na watu walikuwa lazima wafike kazini. Alafu Mei 2016 serikali ikarudi kwa mlango mwingine, mwendokasi wa Kimara mpaka Kivukoni, njia yake yenyewe karibu kilomita 21, mabasi 140, nauli 650 kwa njia kuu.

Sasa twende kwenye ulinganisho wenyewe.

Biashara: ukielewa hesabu umeielewa daladala yote

Mwenye gari ananunua Coaster au Eicher, anampa dereva, dereva anatakiwa kupeleka hesabu kila siku. Kiasi kimeshapangwa, foleni iwepo isiwepo, mvua inyeshe isinyeshe. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndo riziki ya dereva na konda, na kwa wengi hakuna mshahara, hakuna likizo, akiumwa anaingia deiwaka, yaani dereva wa kuziba nafasi, na yeye siku hiyo hana kitu.

Ukishalijua hilo huna haja ya kumchukia dereva, kila unachokiona barabarani kinatoka hapo. Kwanini gari imekaa Mwenge inaunguruma abiria mnatoka jasho ndani: anatafuta vichwa, yaani abiria wa kujaza gari. Kwanini anatanua pembeni kwenye vumbi: anawahi abiria wa kituo kinachofuata kabla mwenzake hajawazoa. Kwanini gari imeandikwa inaenda mpaka mwisho lakini inakatisha njiani na kugeuza: kule mbele kuna foleni na vichwa vimeshapungua, akigeuza hapa anapiga tripu nyingine ya kujaa, wewe unashuka na kulipa gari nyingine. Na kwanini saa nne usiku unasimama kituoni mpaka unaanza kufikiria bodaboda, wakati saa nane mchana zilikuwa zinagombania mtu mmoja.

Kuna hiki kitu cha kugeuza nalo ambacho watu wa Dar tumekizoea mpaka hatukioni tena kama gharama. Jioni mtu yuko katikati ya ruti, anaona gari zote zinazotoka mjini zimejaa mpaka mlangoni, anavuka barabara anapanda inayorudi mjini, analipa nauli, anafika nayo mwisho wa ruti, anabaki kwenye siti yake wakati wengine wanaingilia madirishani, analipa nauli ya pili. Kwenye karatasi ya LATRA, mamlaka ya serikali inayopanga nauli, nauli yake ni moja. Mfukoni zimetoka mbili na saa moja ya maisha yake. Ukiambiwa daladala ni nafuu muulize huyu.

Lakini haki yake lazima ipewe, na hapa wapenzi wa usafiri wa umma huwa wanaruka. Daladala inafika kabla ya kila kitu. Kivule, Chanika, Goba, Madale, watu walivyohamia hakuna aliyesubiri upembuzi yakinifu, mtu aliona nyumba zinaota akapeleka kipanya chake, daladala ndogo, kwenye barabara ya vumbi, kesho yake akaja mwingine. Gari moja ikiharibika ameumia mwenye gari mmoja, ruti inaendelea. Na mfumo huu haujawahi kuidai serikali mabasi, watu wamenunua kwa hela zao na mikopo yao, vijana maelfu wamepata kazi humo. UDA haikuweza hilo, tusijidanganye.

Mwanafunzi kituoni

Hapa ndipo mimi nilipoanza kufikiri tofauti. Mwanafunzi analipa 200. Desemba 2023 nauli ya mtu mzima kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka 500 kwenda 600, mwanafunzi akabaki palepale, na ni sawa abaki. Ila piga hesabu ukiwa umekaa nafasi ya konda. Wakiingia wanafunzi kumi kwenye safari hiyo konda amekosa 4,000. Kwa safari nne za asubuhi 16,000, na hesabu ya bosi haijashuka hata shilingi.

Kwahiyo simama kituo chochote saa kumi na mbili asubuhi uone. Konda anaweka mkono mlangoni, wakubwa wanapita chini ya mkono, watoto wenye mabegi wanabaki chini. Anaruhusu wawili, labda watatu, na hao wanaambiwa wasikae. Gari nyingine ikija inapunguza mwendo, dereva akiona mashati meupe ni mengi kuliko watu wazima anakanyaga mafuta anasimama mita hamsini mbele, wakubwa wanakimbilia, watoto nao wanakimbia na mabegi yanagonga mgongoni, wakifika mlango umeshafungwa. Huyo mtoto ataingia darasani saa mbili na ataadhibiwa kwa kuchelewa.

Kila mara suluhisho linalotajwa ni trafiki wakamate makonda wanaoacha wanafunzi. Sawa, wakamatwe. Ila ukiangalia vizuri, ile 400 inayopungua ni ruzuku. Serikali imeamua mtoto apunguziwe, uamuzi mzuri kabisa, ila bili haikuilipa, imemwachia dereva na konda, nao wameirudisha kwa mtoto kwa kumwacha kituoni. Ruzuku ipo siku zote, hata kwenye mfumo tunaouita wa biashara tupu. Tunachobishania kwa kweli ni nani anailipa, na je inalipwa wazi au kimyakimya.

Huduma ya umma: mwendokasi umefundisha nini

Wanaopinga serikali wanautoa mwendokasi kama ushahidi wa mwisho, kwamba ruzuku imejaribiwa imeshindwa. Mi naona haikujaribiwa. Serikali iligharamia barabara na vituo kwa mkopo wa Benki ya Dunia, hapo ndipo ruzuku ilipoishia. Kuendesha, yaani mafuta, matairi, spea, mishahara, kulitakiwa kutoke kwenye nauli. Mwendeshaji alipoomba nauli kubwa zaidi kabla ya kuanza serikali ikakataa, ikapitisha 650, na kumkatalia ni sawa maana watu wa Kimara wasingeweza, lakini ukikataa nauli ya gharama halisi lazima useme tofauti unaifidia vipi. Haikusemwa. Basi likaingia barabarani likiwa na nauli ya huduma na bajeti ya biashara.

Matokeo yake kila mtu aliyewahi kuunga foleni Kimara asubuhi anayajua. Miezi ya mwanzo watu walifurahia, Kimara mpaka mjini ilikuwa masaa mawili ya foleni ikawa dakika zinazohesabika, mtu akaanza kulala mpaka saa kumi na moja na nusu. Kisha mabasi yakaanza kupungua, karakana ikawa imejengwa Jangwani bondeni na maji yakija yanaikuta, likilala basi halirudi, idadi inashuka na abiria wanaongezeka. Na hapa kuna kosa lingine kubwa: daladala za kwenda mjini kupitia Barabara ya Morogoro ziliondolewa kupisha mwendokasi. Kwahiyo mabasi yalivyopungua abiria hakuwa na pa kukimbilia isipokuwa bodaboda. Kwenye daladala mwenye gari mbovu anaadhibiwa siku hiyohiyo, hakuna anayepanda. Kwenye huduma iliyo peke yake barabarani hakuna adhabu ya namna hiyo, bosi wa shirika hapungukiwi chochote jioni abiria wakikaa saa nzima kituoni. Njia ya Mbagala ndo ilikuwa ya kusikitisha zaidi, zege limekamilika, vituo vimesimama vinameremeta, mabasi hayapo, na ilikaa hivyo muda mrefu watu wakibanana kwenye daladala pembeni ya barabara tupu.

Kwahiyo ukichagua huduma ya umma jua unachagua na hatari hii. Ruzuku bila mtu wa kudai basi lifike kwa wakati ni hela inayovuja. Hilo silibishi.

Mambo ya kupitia harakaharaka

Nauli. Biashara ikiachwa peke yake inapandisha pale mtu alipobanwa. Angalia Nairobi, matatu ziliruhusiwa na Rais Jomo Kenyatta 1973 na mpaka leo wenye magari na sacco zao, yaani vyama vyao vya ushirika, ndo wanaopanga nauli, mvua ikianza kunyesha jioni mtu analipa mara mbili ya asubuhi na makanga, yaani konda wa huko, hana maelezo mengi, unapanda au unaacha. Huku kwetu LATRA inaweka kikomo na hilo linatusaidia kuliko tunavyokiri. Ila Kenya nao serikali ilijaribu, Nyayo Bus ya 1986, ndani ya kama miaka kumi ikafa, kwahiyo hakuna jirani wa kumcheka.

Usalama. Watu wengi hudhani chombo cha serikali ni salama zaidi au cha binafsi ni salama zaidi kutegemea na siasa zao. MV Bukoba 1996 ilikuwa ya shirika la umma. MV Nyerere iliyozama Ukara Septemba 2018 na kuua watu 228 ilikuwa ya serikali. MV Spice Islander 2011 na MV Skagit 2012 zilikuwa za binafsi. Umiliki haukumwokoa mtu. Anayeokoa ni mkaguzi mwenye nguvu ya kusema hiki chombo kimejaa hakiondoki.

Maslahi ya wafanyakazi. Hapa huduma ya umma inashinda, hata ile mbovu. Dereva mwenye mshahara hana sababu ya kukimbizana na mwenzake.

Kufika maeneo mapya. Biashara inashinda kwa mbali.

Usiku na alfajiri. Huduma ya umma tu ndo inaweza, kwa sababu nesi anayetoka zamu na mama anayekwenda kuchukua samaki Feri alfajiri hawajazi gari, na gari isiyojaa hakuna mfanyabiashara mwenye akili ataipeleka. Wala simlaumu.

Safari ndefu ni kesi tofauti na nadhani tusizichanganye. SGR, treni ya reli mpya ya serikali, ilianza Dar mpaka Morogoro 14 Juni 2024, Dodoma mwezi uliofuata, daraja la kawaida 13,000 Moro na 31,000 Dodoma. Tiketi hiyo haiwezi kulipa mkopo wa reli, inajulikana. Ila mabasi ya binafsi bado yapo, abiria anachagua, anayetaka kufika Dodoma kwa masaa manne anapanda treni, anayeteremka njiani ambako treni haisimami anapanda basi. Na mabasi nayo yanapita kwenye lami ya serikali, wanachangia kupitia tozo ya mafuta lakini hakuna kampuni ya mabasi iliyojenga barabara ya kwenda Dodoma. Umma na biashara wakishindana hivi abiria anafaidi. Kosa la Barabara ya Morogoro lilikuwa kuondoa mmoja kabla mwingine hajasimama vizuri.

Wengine walichagua nini

Mfano ambao naupenda, na ningependa viongozi wetu wauangalie kwa karibu, ni Uingereza, kwa sababu nchi moja ilifanya vyote viwili kwa wakati mmoja. Oktoba 1986 mabasi ya nje ya London yaliachiwa soko, kampuni yoyote ikajichagulia ruti na nauli. London ikaachwa nje ya mpango huo. Huko mikoani kampuni zilijazana kwenye ruti zenye abiria na kuziacha zisizolipa, halmashauri zikabaki kulipia zile zilizoachwa kama zina uwezo, na abiria wakapungua mwaka hadi mwaka. London abiria wakaongezeka. Na kumbuka mabasi mekundu ya London yanaendeshwa na kampuni binafsi! Tofauti ni kwamba mamlaka ya jiji ndo inapanga ruti, ratiba na nauli, na inamlipa mwenye basi kwa kazi aliyofanya, sio kwa vichwa alivyobeba. Basi likiwa na abiria watatu analipwa, asipofika kwa wakati anakatwa. Manchester, baada ya karibu miaka arobaini ya soko huria, imerudi kwenye mfumo wa namna hiyo, walianza Septemba 2023 wakamaliza Januari 2025.

Kuna wanaotaja Hong Kong kwamba treni zao zinapata faida. Kweli, ila faida kubwa inatoka kwenye majumba na maduka yaliyojengwa juu na pembeni ya stesheni, shirika lilipewa haki ya kuendeleza ardhi. Hiyo nayo ni ruzuku, imevaa nguo nyingine tu.

Karibu na sisi, Rwanda iliwafidia wenye mabasi tofauti ya nauli kuanzia kipindi cha korona, Machi 2024 ikaiondoa na nauli zikapanda. Unaweza kukubali au kukataa uamuzi huo, lakini angalau mwananchi alijua serikali ilikuwa inamlipia kitu na siku ilipoacha alijua. Sisi hatujawahi hata kufika hapo pa kujua.

Sasa uchague nini

Kama unaishi mtaa mpya pembezoni mwa mji, barabara ya vumbi, usikubali mtu akuondolee daladala kwa ahadi ya basi la umma ambalo hujaliona. Vibali vya ruti viwe rahisi, kikomo cha nauli kibaki, basi.

Kama uko kwenye njia kubwa zenye watu wengi asubuhi na jioni, Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, Tegeta, chagua huduma ya umma, lakini iwe ya mkataba. Waendeshaji binafsi wawili au watatu kwenye njia moja, walipwe kwa kilomita, nauli iingie kwenye mfuko mmoja kupitia kadi, mwenye mabasi mabovu anyang'anywe sehemu yake apewe mwenzake. Dereva akilipwa kwa kilomita hana sababu ya kusubiri vichwa Mwenge wala kukatisha ruti wala kutanua. Mwenye daladala wa leo anaweza kuingia humo kupitia ushirika wake, sio lazima afukuzwe. Mimi nachagua hili, na nachagua nikijua litagharimu hela ya kodi kila mwaka, sio mara moja ya kuzindua na kukata utepe. Atakayekwambia nauli iwe ya chini, mabasi yawe mengi na serikali isitoe kitu, huyo anakuahidi kitu kilichokwisha kushindikana mara mbili, UDA na mwendokasi.

Na kama serikali inaona mfumo wote huo ni mzigo mkubwa kuanza nao, ianze na mwanafunzi. Kadi tunazo tayari, watu wanagonga kadi kwenye mwendokasi na kivuko cha Kigamboni. Mwanafunzi apewe kadi yake shuleni, konda awe na kimashine, mtoto agonge alipe 200 yake na serikali imlipe mwenye gari iliyobaki mwisho wa wiki. Kiasi kitajulikana, kitaandikwa kwenye bajeti, wabunge watakijadili, na hakihitaji kununua basi hata moja wala kumwaga zege. Konda atakuwa na sababu ileile ya kumpakia mtoto aliyonayo ya kumpakia mtu mzima.